Mwongozo wa Kumuumbua Muuzaji kwa Kutazama Magurudumu Yake

Muuza magari ya kale ana wimbo mmoja, na huuimba kabla hujauliza: "Kila kitu ni cha kiwandani, hakijaguswa." Ataanza na rangi. Atakufungulia boneti, atakukalisha kwenye kiti cha ngozi, atakupigia honi. Atalizunguka gari zima nawe, ila kwenye magurudumu atapita mbio. Wahenga walishasema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwache atembeze. Akishachoka kuimba, piga goti kando ya gurudumu la mbele uanze kazi.

Mwongozo huu unahusu magurudumu ya spoku: yale ya MG, Triumph, Austin-Healey na Jaguar za Uingereza, ya Ford Model A ya Marekani, na ya Ferrari za Italia za miaka ya 1950 na 1960. Nayapenda magurudumu haya kwa moyo wote, na ndiyo maana sitaki yasingiziwe. Kulibadilisha gurudumu si kosa. Mengi yalibadilishwa kwa sababu nzuri, na mengine yalitoka mikononi mwa mafundi yakiwa bora kuliko yalivyotoka kiwandani. Kosa ni kulibadilisha kisha ukaapa kwamba hukuligusa. Uongo huo hukuumiza mara mbili: kwanza mfukoni, kwa kuwa umelipia kitu halisi ukapewa kingine, pili barabarani, kwa kuwa aliyeficha kazi ya fundi huficha pia makosa ya fundi.

Beba chaki, tochi, sumaku ndogo, futi ya chuma, spana nyepesi na nguo usizozionea huruma. Suti ivae siku ya kulipa.

Jua kwanza unachokitazama

Uzi wa chuma una tabia moja: ukiuvuta una nguvu ajabu, ukiusukuma unapinda. Gurudumu la spoku limejengwa juu ya tabia hiyo. Kila spoku imekazwa tangu siku ya kwanza, inaivuta ringi kuelekea kwenye habu, na mivuto hiyo yote kwa pamoja ndiyo inayoiweka ringi mahali pake. Mwingereza George Cayley alilipata wazo hili mwaka 1808, alipokuwa akitafuta magurudumu mepesi ya chombo cha kuruka. Baadaye likachukuliwa na watengeneza baiskeli, na kutoka kwenye baiskeli likahamia kwenye magari.

Waliolihamisha kwa ustadi mkubwa walikuwa Rudge-Whitworth wa Coventry, ambao nao walikuwa watu wa baiskeli. Mwanzoni mwa karne ya 20, John Pugh wa kampuni hiyo alibuni gurudumu la gari linalotoka na kurudi upesi. Habu ya gurudumu ina meno kwa ndani. Meno hayo hukaa ndani ya meno ya habu ya gari, kisha nati moja kubwa ya katikati hufunga kila kitu. Safu mbili za ndani za spoku hubeba nguvu ya kuondoka na ya kufunga breki. Safu ya nje hulizuia gurudumu lisilale upande kwenye kona. Dereva aliyepata pancha hakulazimika tena kupambana na tairi na tyubu vumbini. Aligonga nati kwa nyundo, akavua gurudumu zima, akavisha jingine, safari ikaendelea.

Kwa hiyo vitu vya kuchezewa ni vinne: ringi, spoku, habu na nati. Kila kimoja kikiguswa huacha alama, na alama hizo husomeka kwa utaratibu.

Hatua ya kwanza: rudi nyuma

Usianze kwa kusogea. Rudi nyuma hatua kumi ulitazame gari zima likiwa kwenye ardhi tambarare. Tazama jinsi tairi linavyokaa chini ya madigadi. Je, magurudumu ya nyuma yamejitokeza nje? Je, upande mmoja umetoka kuliko mwingine? Je, gari limeinama mbele? Kiwanda kilipanga ukubwa wa gurudumu pamoja na kimo cha gari, na gurudumu geni huliharibia gari mkao wake.

Hapa ndipo kumbukumbu ya namba inapokulinda. MG TC, iliyotengenezwa baada ya Vita Kuu ya Pili, ilitoka na magurudumu membamba ya inchi 19. Ukiikuta imekalia inchi 16 au 15, kuna mtu aliishusha, na mwambie mwenye gari bila woga. Jaguar XK120 yenye spoku ilikuwa na inchi 16, E-type ikaja na 15. MGB ni inchi 14. Ford Model A ya 1928 na 1929 ilikuwa na inchi 21. Ya 1930 na 1931 ikashuka hadi 19. Magurudumu ya Model A huingiliana kati ya miaka hiyo, kwa hiyo gari la 1931 lenye inchi 21 limeazima viatu vya kaka yake. Ukiikuta Model A ina inchi 16, basi huenda yametoka kwenye Ford ya 1935, na vijana waliopenda mwendo kasi walifanya hivyo kwa furaha kubwa. Ni historia nzuri, bali si ya kiwandani.

Ukiwa bado mbali, hakikisha unatazama spoku kweli. Magari mengi ya Marekani ya miaka ya 1970 na 1980 yalivalishwa wilkapu zenye nyaya za mapambo. Sogea, pitisha kidole kati ya nyaya. Kidole kikigonga bamba la chuma, hilo ni gurudumu la kawaida lililovaa shela. Muuzaji anayekuuzia wilkapu kwa bei ya spoku hahitaji hatua zilizobaki. Mpe mkono, uage.

Hatua ya pili: hesabu

Weka alama ya chaki kwenye spoku iliyo jirani na valvu, kisha hesabu kuzunguka mpaka urudi kwenye chaki. Hesabu kwa sauti. Muuzaji mkweli atahesabu pamoja nawe. Mwingine ataanza kukueleza habari za injini. Usimjibu mpaka ufike mwisho.

MG TC ina spoku 48. Austin-Healey 100 ina 48, na Triumph TR2 vilevile. Austin-Healey 3000 ilianza na 48, na katika miaka ya 1960 ikapewa 60 kwa kuwa gari lilikuwa na nguvu zaidi na matairi yalishika barabara vizuri zaidi. MGA ilitoka na 48, na aliyetaka 60 aliagiza na kulipia. XK120 ina 54. MGB ina 60. E-type ina 72. Ford Model A ina 30 tu, lakini ni nene, na zimechomelewa moja kwa moja kwenye ringi na kwenye habu.

Hilo la Model A ni zawadi kwa mnunuzi. Spoku za Uingereza hukazwa kwa nipo, ile nati ndogo ndefu inayotokeza kwenye ringi. Za Model A hazina nipo, kwa sababu hakuna cha kukaza. Ukiona nipo kwenye gurudumu la Model A, umeona gurudumu la gari lingine, na wala huhitaji kupima kitu.

Hesabu ikizidi ya kiwandani, usikimbilie kukasirika. MGB yenye spoku 72 imeongezewa nguvu, na mwenye gari aliyefanya hivyo alifikiria vizuri. Unachotaka ni aseme. Hesabu ikipungua, hapo kasirika: gari lenye nguvu limewekewa gurudumu la gari dhaifu. Na ukikuta spoku 100 zinazong'aa, umekutana na mtindo ambao vijana wa California waliupenda mno kwenye magari yao yaliyoshushwa chini, hasa magurudumu ya Dayton, kampuni ya Ohio. Ni magurudumu ya heshima kubwa kwenye Chevrolet iliyopambwa. Kwenye MG ya 1955 yanapiga kelele kwamba yamekuja juzi.

Hesabu magurudumu yote manne, na la akiba. La akiba ndilo shahidi bora, kwa kuwa mara nyingi husahaulika. Manne yakiwa na spoku 72 na la akiba likiwa na 60, la akiba limeshatoa ushahidi wake.

Hatua ya tatu: lala chini uione ringi

Sasa chafuka. Ingia chini kidogo uwashe tochi upande wa ndani wa ringi, kule ambako rangi mpya hufika kwa shida.

Tafuta mihuri. Magurudumu ya Dunlop, waliotengenezea viwanda vingi vya Uingereza, hugongwa alama kwenye chuma. Ya Borrani, kampuni ya Milano iliyoanza mwaka 1922 kwa leseni ya Rudge-Whitworth, hugongwa herufi RW na namba baada yake. Namba hiyo hutaja aina ya gurudumu, na kila Ferrari ina namba zinazoifaa. Iandike, kisha uilinganishe na kumbukumbu za gari hilo kabla ya kuzungumza bei. Muhuri uliosagwa ukaachwa na doa laini, au uliofunikwa kwa rangi nene kuliko sehemu nyingine, unastahili swali la moja kwa moja: nani alisaga, na kwa nini?

Kisha tafuta mishono. Ringi ya chuma ya gari la kawaida hukunjwa kutoka kwenye bamba refu, ncha mbili zikaunganishwa. Kwa hiyo ina mshono mmoja tu, unaokata ringi kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ukiona mshono unaozunguka ringi nzima, hiyo ilikatwa katikati, ikaongezwa kipande, ikachomelewa ili tairi pana likae. Panguza vumbi kwa kitambaa na upitishe kucha polepole: mshono uliosagwa vizuri huonekana kwa shida, lakini kucha huusikia, kwa kuwa chuma hupanda kidogo kisha hushuka. Kazi ya namna hii inaweza kufanywa vizuri, na inaweza kufanywa vibaya kiasi cha kuua. Macho peke yake hayatoshi kutofautisha, kwa hiyo dai jina la aliyeifanya.

Pima upana. Wauzaji hupima kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, wakapata namba kubwa inayowafurahisha. Upana halali hupimwa ndani, pale ambapo midomo ya tairi huegemea. Jaguar E-type za kwanza zilikuwa na inchi 5, yaani milimita 127. Wewe ukipata inchi 6, ringi imebadilishwa, hata kama kila kitu kingine kinafanana.

Tazama pia matundu ya spoku. Kiwanda kilitoboa kila tundu kwa pembe ya spoku yake, kwa hiyo spoku huondoka kwenye nipo ikiwa imenyooka. Spoku inayojikunja pale inapotoka kwenye nipo imelazimishwa kuingia kwenye ringi isiyo yake, na siku moja itakatikia hapohapo. Matundu yaliyozibwa kwa kuchomelewa yana ujumbe uleule: ringi hii ilikuwa na maisha mengine.

Kwa magari ya zamani zaidi, ya kabla ya katikati ya miaka ya 1920, tazama umbo la ukingo. Mengi yalikuwa na ringi zenye ukingo uliopinda kwa ndani, ukalishika tairi kwa kuling'ang'ania. Ukikuta gari la 1912 lina ringi yenye bonde katikati, kama za magari ya leo, gurudumu hilo lilijengwa upya. Hapa mimi nampongeza aliyelijenga. Tairi la kizamani hushikiliwa na upepo wenyewe. Upepo ukipungua kwenye mwendo, tairi huweza kuchomoka. Ringi yenye bonde imeokoa watu. Iandikwe tu kwenye karatasi za gari.

Hatua ya nne: sumaku na mng'aro

Toa sumaku. Spoku za Dunlop za enzi zile zilikuwa za chuma cha kawaida, na sumaku huzinasa papo hapo. Spoku nyingi za kisasa ni za chuma kisichoshika kutu. Kwa hizo sumaku husita au huteleza kabisa. Jaribu kadhaa kwenye kila gurudumu, kwa sababu fundi anaweza kubadilisha tano zilizokatika na kuziacha nyingine. Kwenye Ferrari jaribu ringi yenyewe: Borrani zake nyingi zilikuwa na ringi za alumini, ambazo sumaku haizijui. Sumaku ikinasa, uliza maswali zaidi.

Kuhusu mng'aro: magurudumu mengi ya Uingereza yalitoka kiwandani yamepakwa rangi ya fedha iliyofifia, na kromu ilikuwa nyongeza ya kulipiwa. Kwa hiyo kromu inayokupofusha jua la saa saba si uthibitisho wa uhalisi. Mara nyingi ni uthibitisho kwamba kuna mtu aliyagharimia.

Kromu ina hatari yake pia. Gurudumu kuukuu likitumbukizwa lilivyo kwenye asidi na madawa ya kromu, dawa hujificha kwenye maungio ya spoku na kuendelea kula chuma kimyakimya. Zaidi ya hapo, haidrojeni inayozalishwa katika kazi hiyo huingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kiwe chepesi kuvunjika. Spoku inang'aa, haina kutu, haijapinda, na inakatika. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ukiambiwa "nimeyapaka kromu," uliza kama yalifumuliwa yote, au yalitumbukizwa mazima. Jibu la pili lipunguze bei kwa gharama ya magurudumu matano mapya.

Kama gari limeishi Mombasa, Zanzibar au Muscat, ongeza ukali. Hewa ya chumvi huingia kwenye nyuzi za nipo, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Michirizi ya kutu inayotoka kwenye nipo ni ishara ya spoku inayooza kwa ndani.

Hatua ya tano: sikiliza

Omba gari liinuliwe kwa jeki, tena liwekwe kwenye stendi. Zungusha gurudumu taratibu huku ukishika chaki karibu na ukingo. Chaki ikigusa sehemu moja na kuikosa nyingine, ringi haizunguki sawa. Kisha chukua spana nyepesi ugonge kila spoku katikati, ukienda safu moja baada ya nyingine.

Spoku iliyokazwa vizuri huimba. Sauti yake ni safi na hukaa kidogo hewani. Spoku za safu moja, zenye urefu mmoja, zinapaswa kukaribiana sauti. Ile inayotoa "tok" ya kukauka imelegea au ina ufa, na jirani zake zimebeba mzigo wake. Tia alama ya chaki kwa kila iliyonyamaza. Ukimaliza, alama zikikusanyika upande mmoja wa gurudumu, hapo palipigwa: shimo, ukingo wa barabara, au ajali ambayo haikutajwa kwenye wimbo. Zikitapakaa kila mahali, gurudumu lilifungwa na mtu asiye na sikio.

Kama huna uhakika, mtafute fundi baiskeli mzee. Yule aliyenyoosha ringi maisha yake yote anaielewa kazi hii kuliko fundi wa magari aliyezoea magurudumu ya bamba, maana gurudumu hili lilizaliwa kwenye gereji yake. Atakuonyesha pia kitu ambacho wengi hukisahau: baada ya kukaza, ncha za spoku zinazotokeza ndani ya ringi lazima zisagwe, na utepe wa mpira uwekwe juu yake, la sivyo zitatoboa tyubu.

Hatua ya sita: vua gurudumu

Hapa ndipo wimbo hukatika. Mazungumzo huwa hivi.

"Mzee, magurudumu haya ni ya kiwandani kweli?"

"Kabisa, kijana wangu. Hayajaguswa."

"Basi kwa ruhusa yako tuvue moja, nione meno ya habu."

"Ya nini kujichosha? Nati imekaza sana."

Nati ya katikati hufunguka kwa nyundo ya shaba au ya mpira mgumu, na mwenye gari la spoku asiye na nyundo hiyo hajawahi kuzipaka habu zake grisi. Sisitiza kwa adabu. Gurudumu likitoka, tazama mambo matatu.

La kwanza ni meno. Meno mazima yana vichwa bapa. Yaliyolika yamechongoka kama meno ya papa, na huambatana na unga mwekundu wa kutu, dalili kwamba chuma kimesagana na chuma bila grisi. Habu mpya kwenye gurudumu la zamani, au kinyume chake, huonekana hapa: upande mmoja mkali, mwingine laini. Kabla ya kuvua unaweza kupima hilo kwa njia nyingine. Mwombe mwenzako akanyage breki kwa nguvu, nawe lisukume gari mbele na nyuma. Mlio wa "tak" kwenye gurudumu ni meno yanayocheza.

La pili ni jinsi habu ilivyofungwa kwenye gari. Magari mengine yalizaliwa na magurudumu ya bamba, baadaye yakafungiwa adapta ya bolti yenye meno ili yavae spoku. Usikurupuke kulaumu, kwa sababu Triumph wenyewe walifunga TR zao hivyohivyo kiwandani. Lakini MGB ni kesi nyingine. Ile iliyozaliwa na spoku ina habu zake na ekseli ya nyuma iliyo fupi kuliko ya MGB ya magurudumu ya bamba. Ukiona adapta za bolti kwenye MGB, gari lilibadilishwa, na ndiyo sababu ya yale magurudumu ya nyuma uliyoyaona yamejitokeza ulipokuwa mbali. Likipakiwa watu wawili na mizigo, tairi husugua madigadi.

La tatu ni uzi wa nati, na hili usilichezee kabisa. Katika mfumo wa Rudge-Whitworth, habu za upande wa kushoto wa gari zina uzi wa kawaida, unaokaza kwa kufuata mshale wa saa. Za upande wa kulia zina uzi wa kinyume. Imefanywa hivyo ili gurudumu linapozunguka na kucheza kidogo juu ya koni yake, liendelee kuikaza nati. Habu zikibadilishwa pande, kila kilomita unayokwenda huifungua nati. Nimeona watu wakibishana kuhusu jambo hili kwa saa nzima, na ubishi wote ungekwisha kwa kugusa: nenda upande wa kulia, nati ifunguke kwa kufuata mshale wa saa. Isipofunguka hivyo, gari hilo lisiendeshwe hata kurudi nyumbani. Hesabu pia nyuzi kwa inchi. Baadhi ya habu zina 12, nyingine 8, na nati isiyolingana iliyolazimishwa kwa nyundo huharibu zote mbili.

Nati yenyewe husimulia mwaka. Zenye masikio, za kugongwa kwa nyundo, ndizo zinazopendwa. Lakini Marekani ilipiga marufuku masikio hayo kwa magari mapya kuanzia Januari 1968, kwa kuwa yalihatarisha watembea kwa miguu. Gari la 1969 lililouzwa mpya Marekani likiwa na masikio, kuna mtu aliyafunga baadaye.

Majibu ya kumpa muuzaji

Akisema, "Yamekarabatiwa tu," mwambie: "Vizuri. Ringi ni zilezile? Spoku je? Habu je? Naomba risiti." Ukarabati usio na jina la fundi ni uvumi.

Akisema, "Hayahitaji tyubu," mwambie akuonyeshe jinsi matundu ya nipo yalivyozibwa. Ringi ya spoku ya kawaida ina matundu yanayopitisha upepo, ndiyo maana ilitumia tyubu. Kama yamezibwa kitaalamu au ringi ni mpya ya muundo huo, sawa, lakini hapo ule wimbo wa "hakijaguswa" umekufa.

Akisema, "Nimeweka matairi mapana, linashika barabara ajabu," muulize kama spoku ziliongezwa. Tairi linaloshika zaidi hulivuta gurudumu zaidi kwenye kona, na gurudumu la spoku 48 halikujengwa kwa mvuto huo.

Akisema, "Hata majaji hawakuona," mjibu kwamba majaji hawatakuwa kwenye gari utakapofika kona ya kwanza.

Kuzoeza jicho kunahitaji magari mengi mahali pamoja. Msomaji wa Afrika Mashariki ana bahati: Concours d'Elegance imekuwa ikifanyika Nairobi tangu 1970, na uwanja wa mbio za farasi wa Ngong huwa na magari ya kale yaliyosafishwa mpaka chini ya sakafu. Nenda na hesabu yako kichwani, na uwaulize wenye magari kwa heshima. Aliyeijua kazi ya magurudumu yake atakueleza mpaka uombe maji.

Yakishathibitika, fanya nini?

Gawa mafungu matatu. La kwanza ni mabadiliko mema: spoku zaidi, spoku zisizoshika kutu, ringi salama kwenye gari la kale sana, kazi ya fundi anayejulikana. Nunua, na uombe magurudumu ya awali yaje pamoja na gari hata kama yameoza, maana yana mihuri na vipimo ambavyo mtu mwingine atavihitaji. La pili ni mabadiliko yasiyo na ubaya wala faida, mfano kromu iliyopakwa kwa kufumua kila kitu, au masikio kwenye gari la 1969. Lipa bei ya gari lililobadilishwa. La tatu ni ringi iliyotanuliwa bila jina la fundi, spoku zilizolazimishwa, habu zilizokosewa pande. Hapo hakuna bei. Kama muuzaji hataki kuvua gurudumu hata moja, hesabu kwamba yote manne yako kwenye fungu hili.

Ukishanunua, anza daftari. Andika idadi ya spoku kwa kila gurudumu, ukubwa wa ringi, mihuri, uzi wa habu, jina la aliyezikaza na tarehe. Piga picha za ndani ya ringi kabla hujavisha matairi. Kazi hiyo haikuchukulii jioni nzima, na inalifanya gari liwe la kweli kuliko kromu yoyote. Kisha, siku utakayoliuza, mkaribishe mnunuzi kwa daftari hilo na umpe nyundo ya shaba kabla hajaiomba.